Nilimfanya Madam wa Maktaba Kichekesho

Mimi ndiye mkosaji, sina wa kumsingizia. Niliyemuumiza yuko hai na huenda akasoma haya. Asome.

Nilisomea ukutubi na sayansi ya habari hapa Kakamega. Nilipokuwa mwaka wa tatu, chuo chetu kiliandaa kongamano la wakutubi. Mhadhiri akatuamuru sote tuhudhurie, kisha kila mmoja aandike tafakari ya ukurasa mmoja: amesikia nini, amejifunza nini.

Nilikaa nyuma kabisa, simu mkononi. Sikusikiliza lolote! Nilikuwa nangoja chakula cha mchana tu.

Ndipo akapanda jukwaani mama mmoja, mkutubi wa shule ya sekondari huko upande wa Malava. Nitamwita Madam. Alivaa suti ya kijani iliyopigwa pasi vizuri, na karatasi zake alizishika kwa mikono miwili. Alipoanza kuongea, rafu ikawa lafu, darasa likawa dalasa. Kisha akasema kwa moyo wake wote, "Kila mtoto apewe karamu na kitabu!"

Karamu! Alimaanisha kalamu. Sisi wa nyuma tukaficha nyuso kwenye mikoba tukicheka mpaka machozi.

Kesho yake nilipokaa kuandika tafakari, sikuwa na cha kuandika. Nikamwandika yeye. Niliandika matamshi yake yote, ile suti, zile karatasi. Niliandika kwamba nchi inayompa mtu kama huyu kipaza sauti isishangae watoto wakifeli. Nikatia jina langu chini. Nilijiona fundi kweli!

Sikungoja hata mhadhiri aisome. Niliirusha kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Wiki haikuisha, ilikuwa imefika Lurambi, imefika Sigalagala, imefika kwenye simu za wanafunzi wake mwenyewe. Watu walinipongeza, nami nikapokea pongezi zote.

Kisha mhadhiri akaniita ofisini.

"Yule mama nilimwalika mimi," akasema. "Amenipigia, hataki kualikwa tena popote. Alikuwa akiwasomea watoto hadithi kila Ijumaa. Ameacha. Akifungua mdomo tu wanampigia kelele, karamu, karamu! Nenda ukamwombe msamaha."

Nilienda. Nilimkuta Madam peke yake maktabani, akigundisha jalada la kitabu kilichochanika. Nikajieleza, nikalia. Hakuninyamazisha. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza mwenyewe.

"Ulikuwa ukumbini siku hiyo?" akauliza.

"Ndiyo, Madam."

"Mwanzo mpaka mwisho?"

"Ndiyo."

"Basi niambie, niliongea juu ya nini?"

Jamani! Nilitafuta kichwani, nikakosa. Nilikumbuka suti. Nilikumbuka lile neno moja. Mtu amesimama mbele yangu karibu nusu saa, na sikuwa na wazo lake hata moja la kumrudishia!

"Niliandaa hiyo kitu likizo nzima," akasema polepole, akichunga kila neno kama mtu anayevuka matope. "Wewe ulitoka hapo na helufi mbili tu."

Alijisikia amekosea. Uso ukamshuka, akafunga mdomo, akanionyesha mlango kwa mkono. Sikupata msamaha, na sikustahili.

Nilidhani adhabu imeishia hapo. Wapi!

Mama yangu ni mkulima wa miwa, naye anasemanga vivyo hivyo. Nimelelewa kwa matamshi hayo hayo! Dada yangu mdogo alitumiwa ile tafakari, akamsomea mama jikoni wakisonga obusuma, ugali wetu. Mama alicheka mwanzoni. Kisha dada akafika kwenye jina langu.

Mama akanipigia. "Kumbe hivyo ndivyo unatusikianga?"

"Mama, si wewe nilikuwa naandika..."

Simu ilikuwa imekatwa.

Siku ya mahafali alikuja kwa sababu baba alisisitiza. Rafiki zangu wakamkimbilia, "Mama, hongera!" Akaitikia kwa kichwa. Mhadhiri akamuuliza ametoka wapi, naye akanitazama mimi nijibu. Siku nzima hakutamka neno hata moja mbele ya wenzangu. Kwenye picha zote mdomo wake umefungwa. Nilitaka kumwambia aongee, aongee tu anavyotaka, nikaona aibu. Ningeanzia wapi?

Hata sasa nikipiga simu nyumbani, ananijibu kwa Kiluhya, maneno mawili matatu, kisha anampa dada simu.

Wewe uliyekaa nyuma ya ukumbi na simu mkononi, unatafuta wa kumrusha mtandaoni, nakusihi, iweke chini! Ukimcheka mtu anavyoongea, walio wako nyumbani nao wanakusikia. Hawatagombana nawe. Watanyamaza tu, na hutajua namna ya kuwafanya waongee tena.