Sahani Isiyo na Nukta

Jina lake halisi lilikuwa kwenye faili, lakini maabara nzima ilimwita Bi Nukta, na mwenyewe aliitika. Kwa miaka ishirini na sita alihesabu bakteria wa kwenye maji. Bakteria mmoja haonekani kwa macho. Mweke juu ya jeli ya chakula, ndani ya sahani ndogo yenye kifuniko, umfungie kwenye kabati la joto siku mbili, atazaana hadi ukoo wake uonekane kama nukta. Bi Nukta aligeuza sahani chini juu, akatia alama ya kalamu kwenye kila nukta, midomo ikicheza bila sauti. Ole wako umsemeshe akiwa amefika mia na themanini! Angekukazia macho mpaka ukumbuke una kazi kwingine.

Kabla ya kuyapanda maji kwenye sahani, aliyazimua: kipimo kimoja kwenye vipimo tisa vya maji safi, akatikisa, akachota kimoja akatia chupa ya pili, kisha ya tatu. Wenye haraka waliona anajipa kazi ya bure. Yeye hakuwahi kuruka chupa hata moja, na kwa hilo peke yake anastahili heko.

Sasa, tangi la wodi ya wazazi lilikuwa limetoka kutengenezwa, na wodi ilisubiri cheti cha maabara ili ifungue mabomba. Muuguzi mkuu wa wodi hiyo alikuwa mdogo wake Bi Nukta, tumbo moja. Alikuja mwenyewe asubuhi, sare imelowa kwa ndoo alizobeba tangu alfajiri.

"Dada, nipe hicho cheti nikaogeshe watoto."

Mkuu wa maabara, msomi asiye na subira, alikuwa nacho mkononi. Bi Nukta alipokuwa likizo, mkuu huyo alipanda sahani moja tu, ya maji yasiyozimuliwa. Kamera mpya ya kuhesabia ikasoma sifuri. Ilibaki sahihi ya pili.

"Hakuna hata nukta moja, Bi Nukta. Weka sahihi tu."

Bi Nukta aliichukua sahani, akaenda nayo dirishani, akaiinamisha. Kweli, nukta hazikuwepo. Lakini jeli isiyopandwa kitu hung'aa kama kioo kilichofutwa, na hii ilikuwa imefifia kote, sawasawa. Alipitisha waya mwembamba kwenye moto, akauacha upoe, kisha akauburuza juu ya jeli. Ukaacha njia safi katikati ya utando.

"Hii si sifuri," alisema. "Wamebanana mpaka nukta zote zimeungana. Kimya kingi kina mshindo mkuu."

"Lakini mashine..."

"Mashine yako inatafuta nukta, bosi. Nani aliiambia itafute utando?"

Mdogo wake akawa mbogo. "Unajua nimebeba ndoo ngapi leo? Kwa kitu ambacho hata mashine haikioni?"

"Najua, mdogo wangu. Zibebe siku mbili zaidi. Siweki sahihi."

Muuguzi aliondoka bila kuaga. Tusidanganyane, iliuma, Bi Nukta ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki. Hakulia wala hakumfuata. Alienda kuchota maji mapya kwenye lile tangi, akayazimua chupa kwa chupa, na kwa kila chupa, hata ya maji yasiyozimuliwa, akapanda sahani mbili, ili asiseme mtu kwamba mkono uliteleza.

Baada ya siku mbili alimpigia simu mdogo wake aje. Alikuja amenuna, akasimama karibu na mlango. Mkuu wa maabara ndiye aliyemvutia kiti. Mezani, sahani ya maji yasiyozimuliwa ilikuwa na utando uleule. Sahani ya chupa ya tatu ilikuwa na nukta mia na kumi na mbili.

"Kila nukta hapa," Bi Nukta alisema taratibu, "ni bakteria elfu moja kwenye mililita moja ya maji yako. Hesabu mwenyewe."

Muuguzi aliinama, akaanza kuhesabu kwa ncha ya kidole. Alipofika kumi na moja, kidole kikasimama.

"Juzi wodini nilikuwa na watoto kumi na mmoja," alisema. "Ningewaogesha wote, dada. Kwa mikono yangu hii."