Kofia Yenye Vidudu Kumi na Kimoja

Hadidja, mjane mshona kofia wa Kisangani, alikuwa na mazoea yaliyowachekesha majirani. Asubuhi aliugeuza mwavuli wa marehemu mumewe juu chini, akaukinga chini ya mti wa kahawa, akagonga tawi kwa kijiti.

"Unakinga mvua gani, mama?" Zaina, jirani yake, alimtania.

"Ile isiyonyesha."

Kilichodondoka kilikuwa kidudu kidogo kama punje ya mpunga, kijani cha kung'aa, mabegani rangi ya mawese. Jamaa zake hukimbia ardhini. Chenyewe huwinda juu, jani kwa jani. Mwalimu Benoît, aliyemfundisha kukihifadhi kwa sindano, hakuwahi kukiona kitabuni. "Lakini bila siku na mti, mama, ni takataka tu," alisema. Mwaka wa sitini, uhuru ulipokuja, alirudi kwao Ulaya, akaahidi kuja tena. Hadidja akaendelea. Chini ya kila kidudu alichomeka karatasi yenye siku na mti, kwa herufi za Kiarabu alizojifunza utotoni katika chuo cha Kurani.

Mwaka wa sitini na nne waasi wakauteka mji. Kwa dawa waliyochanjwa, risasi hawakuziogopa; waliogopa dawa ya mtu mwingine.

"Wanapekua mtaa wa pili, kesho ni huku," Zaina alimwambia. "Sindano na maandishi ya Kiarabu? Watasema unawaroga. Choma!"

Siku ile Hadidja alishona kutwa, akiyageuza maandishi ya karatasi kuwa mishono. Fundo kwa kila siku ya mwezi, ua kwa mwezi, jani kwa mti: vidudu kumi na kimoja, mstari kwa mstari, kuizunguka kofia moja. Kisha akachoma karatasi, akachomoa sindano, akavilaza vidudu kisandukuni, kwenye pamba, kwa mpangilio uleule.

Kesho yake mpiganaji mmoja alifungua kisanduku. "Hii iko nini?"

"Vidudu vya majani."

"Mama, njaa imekushinda kweli!" Akacheka. Halafu akaiona kofia. "Bon, hii nachukua."

"Hiyo haijaisha, mwanangu. Ngoja."

Akafungua sanduku la nguo, akatoa kofia ya Ijumaa ya mumewe, ambayo hakuwahi kuifua tangu amzike. Akamvika kwa mikono yake.

"Iko muzuri. Aksanti, mama."

Alipotoka, Zaina alishika kichwa. "Ya marehemu! Kwa ajili ya wadudu?"

Hadidja akaifunga kofia ya mafundo ndani ya kanga.

Mji ulipotulia, aliketi na karatasi mpya, kofia pajani, kidole kikipapasa mafundo. Moja, mbili, tatu. Jani la mti wa kahawa. Akaandika.