Mwisho Niliompa Mama

Nimemkosea mama yangu, na bado tunakula sahani moja. Hilo ndilo linaloniua. Angenifukuza ningejua adhabu yangu ni ipi, lakini kila asubuhi ananitilia chai kama kawaida, ananiuliza kama nimelala vizuri, na mimi ninajibu ndiyo.

Jina langu sitalitaja. Kisangani ni mji mkubwa lakini mdomo wake ni mmoja, na kazi yangu inajulikana. Mimi ni mtu wa siné. Filamu zinafika kwenye ukumbi wetu wa video zikisema Kifaransa au Kiingereza, mimi ninashika mikro na kuzisema kwa Kiswahili na Lingala. Muuaji ninampa jina la mwenye nyumba wetu, polisi mnene ninampa jina la shemeji yangu, na watu wanavunjika mbavu. Mambo yakipoa kwenye kioo, ninayachochea kwa mdomo. Ndiyo kazi, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Kosa nililifanyia nyumbani.

Papa, baba yetu, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa na kitabu kimoja cha Kifaransa, cha zamani, cha wapelelezi, alichoachiwa na padri aliyekuwa anarudi kwao. Mama hakusoma. Ni mtu wa mto, wa upande wa Isangi, na kazi yake tangu usichana ni samaki wa moshi. Basi jioni Mama akigeuza samaki, Papa alikaa kando ya moto akimsimulia kile kitabu kwa Kiswahili, kidogo kidogo. Mpelelezi alimwita Monsieur tu. Lakini mke wa mpelelezi alimpa jina la Mama. Hapa nitasema Josefina.

Katika hadithi hiyo siri za serikali zinavuja, na kila mtu anamshuku Josefina. Wakubwa wanamwambia Monsieur amchunguze mke wake mwenyewe. Papa alipofika hapo akatumwa Opala kusimamia mitihani. Mama akamwomba amalizie kwanza. Papa akacheka, akasema mwisho atamletea akirudi.

Homa ikamshika hukohuko Opala. Kilichorudi na pirogi ya mtoni ni mwili wake. Kitabu kilibaki sandukuni, mchwa wakakimaliza kabla sisi watoto hatujajua kusoma vizuri.

Nimekua nikimsikia Mama akiuliza, bila machozi, kama mtu aliyesahau kitu sokoni: "Ule Josefina, sijue alimaliziaka wapi."

Sasa mwaka jana rafiki yangu anayewajazia watu filamu kwenye flash akanipa kitu cha televisheni, vipande vingi, kimetengenezwa kutoka kitabu kilekile. Jina la kitabu tulilijua, Papa alikuwa akilitaja. Nikamletea Mama. Jamani, mngemwona uso!

Tulianza Jumapili mchana, baada ya kanisa, umeme ukiwepo. Wale waliokitengeneza walikuwa wamekifuata kitabu kwa heshima: magari ya kale, makoti marefu, simu ya waya, mvua isiyokatika. Mama alikuwa akizitangulia picha. "Sasa atatoa kofia," anasema, na Monsieur anavua kofia. Akafuta macho kwa kitenge. "Papa yako alisemaka hivi hivi. Hata ile mvua."

Mimi nilikuwa ninateseka. Mtu anachukua muda wote huo kuvua glavu! Wazee wawili wanakaa ofisini, wanaongea polepole kama wagonjwa, na Mama anataka nimfasirie kila neno. Ningeweka kitu hicho ukumbini wangenirushia chupa. Nilijiambia mimi ninajua watu wanataka nini. Kiburi hicho.

Jumapili moja kulikuwa na mechi kubwa, ukumbi ungejaa, nami nilitaka kuwahi. Kwenye flash ileile kulikuwa na filamu kubwa ya sasa, ya kitabu hichohicho, yenye pikipiki na helikopta. Inaisha mara moja. Nikasema hadithi ni hadithi, Mama anataka mwisho, na mwisho ndio huu.

"Ule bwana haiko ule wa dimanche ingine," Mama alisema, akikumbuka Jumapili zilizopita.

"Walibadilisha acteurs, Mama. Histoire iko moja tu."

"Na Josefina iko na nywele mufupi sasa?"

"Bon, Mama, angalia tu. Courant itakatika."

Aliangalia kabla umeme haujakatika. Filamu ile walikuwa wameibadilisha ili ipendeze macho. Mwishoni Josefina ndiye aliyeuza siri. Monsieur anamkuta juu ya daraja, anampiga risasi, mwanamke anaanguka majini.

Ningeacha hapo labda. Lakini mdomo wangu umezoea ukumbi. Monsieur alisimama kimya darajani, na mimi kimya sikiwezi, nikamtilia maneno: "Josefina, nilijua tangu zamani." Hakuyasema. Niliyasema mimi, na kwa sauti nzuri.

Mama hakulia. Alikunja kitenge magotini, akasema, "Donc njo ile mwisho papa yako alitaka kunileteya." Nikasema ndiyo, nikaenda kwenye mechi yangu.

Wiki hiyo picha ya Papa ikatoka ukutani. Nilidhani Mama anaipangusa. Kisha siku ya kumbukumbu ya kifo chake ikakaribia na Mama hakwenda parokia kumwombea misa, yeye ambaye hakuikosa hata miaka ya vita. Nilipomuuliza, alijibu akiendelea kupanga samaki kwenye kikapu.

"Wakati ule wa kile kitabu, batu walikuwa nasema juu yangu na commerçant moja wa Butembo, mwenye kuchukuaka samaki yangu. Ilikuwa bongo tupu, haikuwa kweli. Papa yako hakuniulizaka hata siku moja. Miye nikasema, bwana yangu ananiamini." Akaweka samaki mwingine. "Kumbe alikuwa naniuliza mu kitabu. Jina yangu njo alimupa ule mwanamuke."

Nilikimbia kuangalia vipande vilivyobaki vya televisheni, peke yangu, vyote, na mara hii sikuruka hata glavu.

Josefina hakuwa na hatia. Msaliti ni mkubwa wa Monsieur, ndiye aliyekuwa akimsukumia yule mwanamke lawama. Na Monsieur hakumshuku mke wake hata siku moja. Alizibeba zile tuhuma peke yake, asimwambie, asimuumize. Mnaona Papa alitaka kumwambia nini mkewe? Alikuwa amesikia maneno ya mtaa, na jibu lake lilikuwa mwisho wa kitabu.

Nikamketisha Mama, nikamwekea. Sasa tazameni jinsi walivyoutengeneza mwisho huo kwa uaminifu. Wazee wawili ofisini. Mmoja anavua miwani, anaweka funguo mezani. Basi.

"Anatoa lunettes," Mama alisema.

"Njo wamemukamata, Mama. Ye njo alikuwa nauzisha siri."

"Wamemukamata? Mikono yake iko wazi."

Kisha Monsieur anafika nyumbani, ananing'iniza koti, anakaa. Josefina anamtilia chai. Wanatazamana. Imekwisha.

"Wanasema nini?"

"Hawasemi kitu, Mama. Lakini inaonekana. Hakumushukuka hata kidogo."

"Kama hawasemi kitu, weye umesikia wapi?"

Nilieleza mpaka jasho. Nilikiri kwamba maneno ya darajani yalikuwa yangu. Nikamleta dada yangu anayejua Kifaransa, akasema yaleyale, Mama akasema tumepanga pamoja kumfariji. Hakuwa na hasira. Alinishika mkono, akasema, "Mwanangu, weye iko mutu ya siné. Unataka moyo yangu ipoe. Merci. Lakini ule wa daraja niliona na macho yangu."

Nifanye nini? Kitabu hakipo, Papa hayupo, na imani ya Mama kwa sauti yangu nimeila mwenyewe.

Siku ya kumbukumbu nilikwenda parokia peke yangu. Niliporudi Mama alikuwa kwenye moto wake. Akauliza nimetoka misa ya nani. Nikasema ya Papa. Akanisogezea kiti, akanitilia chai, akakaa mbele yangu. Hakusema kitu. Nilimtazama usoni kwa muda mrefu, mimi ninayewasemea watu wote, na sikujua anawaza nini.

Ndugu msomaji, kama mzazi wako amekuomba umsomee au umfasirie kitu, mpe kama kilivyo, hata kikuchoshe, hata mechi ikupite. Usimwongezee utamu. Na pale wasiposema kitu, nyamaza nawe.