Pengo Nililorudi Nalo

Shule yetu ilikuwa Iramba, mahali penye upepo mwingi, na ilikuwa na bendi kwa sababu wamisheni waliletewa kasha la matarumbeta makuukuu kutoka kwao. Mwalimu wa bendi alikuwa Mnyaturu aliyejifunza muziki jeshini wakati wa vita vya Hitla. Alinifundisha tarumbeta ndogo nikiwa bado sijaota ndevu, na nilipofika darasa la juu, mimi ndiye niliyepiga sauti ya kwanza.

Mwaka ule tulialikwa Nairobi, kwenye sherehe ya shule za misheni. Mwalimu aliniambia kwamba mkuu wa bendi ya jeshi angekuwepo, na kwamba alikuwa akitafuta vijana.

"Akikusikia wewe, harudi mikono mitupu," alisema.

Nilimwamini. Baba aliniruhusu shingo upande, maana uwele ulikuwa unasubiri kuvunwa.

Tulisafiri kwa lori kupitia Singida na Arusha, na usiku wa mwisho tukalala Namanga, mpakani. Asubuhi kulikuwa na baridi. Tulikunywa uji, tukapanda lori, na askari akainua mti uliofunga barabara. Hapo mwalimu akatugeukia.

"Toeni vyombo," alisema. "Tunaingia nchi ya watu. Wasifikiri ni lori la mizigo."

Tukaketi kingoni mwa lori, tukaanza wimbo wa gwaride. Palikuwa na maduka machache kando ya barabara. Mhindi mmoja alitoka nje na kikombe chake cha chai mkononi, na wanawake wa Kimasai waliweka vibuyu vyao chini wakasimama kututazama. Sikumbuki kama niliwahi kuwa na furaha kama ile. Nilikuwa nimefika penye sauti za juu, macho nimeyafumba, wakati gurudumu la mbele lilipotumbukia kwenye mfereji uliochimbwa na mvua.

Sikusikia maumivu mara moja. Nilisikia kitu kikikatika ndani ya kichwa changu, kama ukuni mkavu. Nilipofumbua macho, tarumbeta ilikuwa mapajani na shati lilikuwa limejaa damu. Mwenzangu aliyepiga sauti ya pili, ambaye tulilala naye chumba kimoja shuleni, alinishika kichwa. Mwalimu aligonga paa la dereva mpaka lori likasimama. Alinifungua mdomo kwa vidole vyake, akatazama kwa muda, kisha akaufunga taratibu.

"Sukutua na maji ya chumvi," alisema. "Tutaona huko mbele."

Barabara ilikuwa ya vumbi na mashimo, na kila lori liliporuka nilishika taya kwa mikono miwili. Wenzangu walionyeshana twiga na makundi ya nyumbu. Mimi nilitazama mbao za sakafu.

Tulipofika Nairobi, mwalimu alinipeleka moja kwa moja hospitali ya Waafrika. Dresa, msaidizi wa daktari, alikuwa mtu wa makamo mwenye haraka. Alinikalisha kwenye benchi, akaingiza kidole mdomoni.

"Jino hili limevunjikia kwenye mzizi," alisema. "Na jirani yake halishiki tena. Yanatoka yote mawili."

"Anapiga tarumbeta leo alasiri," mwalimu alisema. "Hayawezi kungoja?"

"Kwa mdomo huu apige nini?"

Mwalimu akamsogelea. "Kuna meno ya kubandika, nimesikia."

"Yapo, kwa daktari wa Wazungu mjini. Lakini hapokei Waafrika. Mshike mabega."

Mwalimu akanishika mabega. Meno yalitoka.

Alasiri nilikaa ukutani pamoja na makasha ya vyombo, kitambaa mdomoni. Uwanja ulijaa wanafunzi wa shule nyingi, na viti vya mbele vilikuwa vya Wazungu. Kabla bendi yetu haijapangwa, mwenzangu wa sauti ya pili alinijia.

"Zile sauti zako za mwisho," alisema, "nizipige au niziache?"

Sikuweza kusema. Nikampa ishara azipige.

Alizipiga. Sauti moja ya juu kabisa aliiruka, lakini nadhani hakuna aliyejua ila mimi na mwalimu. Watu walipiga makofi kwa muda mrefu. Nilikuwa nimetumaini, Mungu anisamehe, kwamba mahali pangu pangeonekana pako wazi. Hapakuonekana. Bendi ilikuwa imetimia. Baadaye Mzungu mmoja mwenye sare ya jeshi alizungumza na mwalimu, akamwita mwenzangu, akamtazama vidole na midomo kama mtu anayenunua ng'ombe. Mwalimu aliangalia upande wangu mara moja tu.

Tuliporudi, baba alinitazama mdomo, akaniambia kwa Kinyiramba kwamba uwele bado uko shambani. Nilikwenda kuvuna.

Fizi zilipopona nilijaribu tena. Nilijaribu nyuma ya madarasa, kila siku baada ya masomo, kwa muhula mzima. Pumzi ilikuwepo, vidole vilikumbuka kila kitu, lakini mdomo wa juu uliingia penye pengo na sauti ikatoka kama mbuzi mwenye kifua. Siku moja mwalimu alinijia huko.

"Shikamoo, mwalimu," nilisema.

"Marahaba." Alichukua tarumbeta mkononi mwangu, akaifuta kwa shati lake. "Usijitese, mwanangu. Mdomo unataka ukuta nyuma yake, na ukuta wako umeanguka. Mimi ndiye niliyewaambia mpige kwenye lori."

Nilitaka aseme kwamba kuna njia nyingine. Hakusema, na hakuwa mtu wa kudanganya. Alinipa ngoma kubwa. Niliipiga mpaka mwisho wa mwaka, kisha nikaacha shule, na baada ya kulima miaka kadhaa nikapata kazi ya kupima karanga katika soko la Mtinko.

Mwenzangu alichukuliwa na bendi ya jeshi. Alipokuja likizo alinikuta sokoni, yeye na viatu vyake vinavyong'aa. Tulishikana mikono, tukaongea habari za mvua, ambazo mwaka ule zilikuwa mbaya. Hakuzungumzia muziki, nami sikumwuliza. Akanunua karanga, akaenda zake.