Behewa Kwenye Kipande cha Nne

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba niliota, nilimfukuza dukani kwangu hapa Roret na redio yake mkononi. Wa pili alikuwa mchungaji, na huyo nilimwacha amalize chai kwanza. Sikuota. Ilikuwa saa tisa mchana, nilikuwa nimeshika bisibisi, na akili zangu zilikuwa timamu kuliko zako unaponisikiliza sasa. Ukitaka kusikia, keti. Ukitaka kucheka, mlango ule pale.

Mimi ni fundi. Redio, simu, amplifaya za kanisa, hizo ndizo kazi zangu. Miaka miwili na kitu iliyopita niliitwa na Mwalimu Rono, mzee aliyefundisha fizikia mpaka akastaafu, anayekaa karibu na Kabianga. Shambani kwake kuna banda la zamani la kupimia majani chai, na ndani ya banda hilo amejenga reli. Ni reli ndogo, juu ya meza inayozunguka kuta zote, na injini yake unaibeba kwenye kiganja. Aliijenga ifanane na stesheni moja ya zamani upande wa Kipkelion, pamoja na tangi la maji na laini yake ya pembeni, ile ya kupisha treni. Stesheni ile ndiyo iliyommaliza baba yangu.

Baba, jina lake Sigei, ndiye aliyekuwa akiruhusu treni ziingie pale. Alasiri moja ya mvua ya mawe, mdogo wake Mitei, aliyefanya kazi mwisho wa pili wa stesheni, alimpigia simu akamwambia laini ya pembeni iko wazi. Baba akaruhusu treni iingie humo. Kumbe kulikuwa na behewa limeachwa palepale, treni ikaligonga, na mtu mmoja akafa. Hivyo ndivyo baba alivyosimulia maisha yake yote. Mitei yeye aliapa mbele ya wakubwa kwamba alimwonya kaka yake kuhusu behewa, na kaka yake akapuuza. Unadhani walimwamini nani? Mitei alikuwa na ulimi mtamu, na baba akikasirika alikuwa anagugumiza. Walimfukuza baba kazi, na mpaka anaingia kaburini watu walimwita muuaji. Mimi waliniita binti wa muuaji nikienda kuteka maji. Mitei alihamia Nakuru akafa huko kwa homa, na picha yake ikatundikwa sebuleni kwa dada yao mkubwa, ambaye siku hizi ukoo mzima tunamwita Kogo, yaani bibi. Pichani Mitei amevaa koti la reli lililokosa kifungo cha pili. Picha ya baba haikutundikwa popote.

Nilimwamini baba. Lakini nitasema kweli: nikiwa peke yangu, mara nyingine nilikuwa na shaka. Hilo nalo linaniuma.

Basi kazi ya Mwalimu ilikuwa hivi. Alitaka ubao wenye taa umwonyeshe treni iko wapi. Unaikata reli vipande kwa msumeno mwembamba, kila kipande unakipa waya wake, na waya ule unaupitisha ndani ya koili ndogo. Injini ikiingia kwenye kipande inakula umeme, koili inahisi, taa ya kipande hicho inawaka. Lakini behewa halina mota, halili umeme. Linaweza kukaa katikati ya njia na ubao ukakuambia hakuna kitu. Dawa yake ni kuunganisha rezista ndogo kama punje ya wimbi kati ya magurudumu ya kila behewa, ili nalo lionje umeme kidogo. Mabehewa yalikuwa thelathini na mawili, na macho yangu yalikuwa yamechoka. Nilimwambia Mwalimu kwamba mabehewa hayana haja, injini zinatosha. Mimi, binti wa Sigei, nilisema maneno hayo kwa mdomo wangu.

Siku ya kumaliza, Mwalimu alikuwa ameenda mkutano wa kanisa. Mvua ya mawe ikaanza, na umeme ukapotea kama kawaida yake. Unajua mvua ya mawe juu ya mabati: hata ukipiga kelele hujisikii. Nikainama chini ya meza kukaza waya na kurunzi mdomoni, na nikiwa huko chini nikasikia mtu akinisalimu, "Chamgei." Nilimsikia vizuri kabisa, kama tuko jikoni pamoja.

Nikatoka. Mwanamume alikuwa amesimama kando ya ubao. Koti lake lilikuwa kavu, na nje mawe yalikuwa yamelala kwenye chai mpaka imekuwa nyeupe. Nilifikiri ni jirani.

"Hii laini ya pembeni iko wazi?" akaniuliza.

Nikatazama ubao. Taa zote zilikuwa zimezima. "Iko wazi," nikasema, bila hata kukumbuka kwamba umeme haupo.

"Umeenda kuangalia?"

Nikageuka. Kwenye kipande cha nne, laini ya pembeni, kulikuwa na behewa moja jekundu nililoliacha mwenyewe asubuhi.

"Mimi pia sikuenda," akasema. "Mvua ilikuwa mingi. Nikasema hakuna haja ya kuloa, hiyo laini siku zote inakuwanga wazi. Nikapigia Sigei simu."

Hapo ndipo nilipoliona koti. Kifungo cha pili hakikuwepo.

Utaniuliza kama niliogopa. Niamini, sikuogopa. Woga ulikuja baadaye, usiku, nikatetemeka mpaka kitanda kikalia. Pale bandani nilishikwa na hasira ambayo sijawahi kuijua. Nilimrushia bisibisi. Ikagonga ukuta nyuma yake, na yeye hakusogea.

"Ulimwacha akaitwa muuaji!" nikapiga kelele. "Ndugu yako! Alikula chakula cha aibu miaka yote na wewe umetundikwa ukutani kama mtu wa maana!"

"Niliogopa," akasema. "Mtu alikuwa amekufa. Mara ya kwanza nilidanganya kidogo tu. Halafu haikuwezekana kurudi nyuma."

"Basi nenda umwambie Kogo! Sasa hivi!"

"Siwezi kufika huko kama sijaitwa. Niite mbele yake, na wanawake wote wakiwa hapo. Nitakuja nitasema."

"Utasema kwamba ulidanganya?"

"Yote. Niite tu."

Kisha taa ya kipande cha nne ikawaka. Sikiliza vizuri, mimi ni fundi: umeme ulikuwa umepotea, waya wa ubao ulikuwa umechomolewa ukutani, na behewa lile halikuwa na rezista. Taa ikawaka, nyekundu, haipepesi. Nilipoinua macho hakukuwa na mtu. Mwalimu Rono aliporudi nusu saa baadaye aliikuta bado inawaka. Akaushika ule waya mwisho wake, akautazama, akaniambia, "Wacha hii kitu twende kwa nyumba." Muulize, yuko hai.

Mwezi mmoja baadaye mke wa mpwa wangu alijifungua mtoto wa kiume. Kwetu, mtoto akizaliwa, wanawake wa ukoo hukaa naye na kutaja majina ya waliokufa, moja baada ya jingine, mpaka apige chafya. Yule aliyetajwa hapo ndiye amerudi. Mimi ni senge, shangazi wa baba yake, nafasi yangu ilikuwepo. Tulikaa sebuleni kwa Kogo, na yeye ndiye aliyetaja majina. Akataja babu, akataja babu za babu, mtoto amelala tu. Jina la baba yangu akaliruka.

"Taja Sigei," nikasema.

"Hiyo jina hatutaji kwa mtoto," Kogo akajibu. "Ina damu."

Nikalitaja mwenyewe. Sigei. Mtoto kimya. Nikalitaja tena, nikalitaja nikilia. Kimya. Wanawake wakaanza kutazamana, na Kogo akatikisa kichwa kama mtu aliyejua tangu mwanzo. Basi hasira ikanipanda. Nikasimama, nikaigeukia ile picha ukutani, na kwa sauti yangu yote nikaita, "Mitei! Njoo useme ulichofanya! Mitei!"

Mtoto akapiga chafya.

Walipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Kogo alilia kwa furaha, kitinda mimba wao amerudi. Nilijaribu kueleza, nani angenisikiliza? Mimi niliyekua katika desturi hiyo, mimi niliyejua kwamba jina la marehemu halichezewi mbele ya mtoto mchanga, nilimfungulia mlango kwa mkono wangu. Aliahidi atakuja na atasema. Amekuja. Alimdanganya baba kwenye simu, akanidanganya mimi bandani, na safari hii akalipwa kwa uji na mapaja ya kulalia.

Ana miaka miwili sasa, na hajatamka neno hata moja. Masikio yake yamepimwa, ni mazima. Ninampenda, na hilo linanikasirisha kuliko yote. Nilirudi kwa Mwalimu nikaweka rezista kwenye mabehewa yote thelathini na mawili, bila kuambiwa. Wewe unayesikia, akikuambia mtu njia iko wazi, toka uloe ukaangalie. Na ukiwa na hasira, nyamaza mbele ya mtoto ambaye hajapewa jina.

Wiki iliyopita nilikwenda naye bandani kukaza waya. Nikamsimamisha kwenye kiti aone reli. Mabehewa yote yalikuwa sandukuni. Akachagua lile jekundu, hakupapasa, akaliweka laini ya pembeni, kipande cha nne. Taa ikawaka ubaoni. Akainyooshea kidole, kisha akanitazama, machozi yakimtoka.

"Hilo nalijua," nikamwambia. "Sema kwa mdomo."