Siku Vunjamlango Alipokufa

Palikuwa na fundi cherehani mwenye ugonjwa mmoja usio na dawa: hakuweza kumwambia mtu habari mbaya. Suruali ikikubana, atakuapia kwamba kitambaa kimeingia maji kikanywea. Ukija kuchukua nguo ambayo hata haijakatwa, atasema imebaki vifungo tu. Wateja walimpenda kwa hilo. Mkewe alimvumilia, maana kila neno gumu la nyumba ile ilibidi alitamke yeye.

Jumamosi mchana fundi aliondoa vitambaa kwenye meza ya kukatia, akachora juu yake kwa chaki: mapango, mito, madaraja mabovu. Huo ndio ulikuwa mchezo wao. Kila mchezaji alikuwa na mtu wake wa kubuni, na kifungo kimoja mezani kumwonyesha alipo. Fundi alisimulia wanakopita na wanachokutana nacho, na penye hatari alirusha dadu ya pande ishirini. Namba kubwa, umepona. Ndogo, umeumia. Ukiangukiwa na moja, tutakukumbuka. Dadu yenyewe aliirusha nyuma ya boksi la mashati alilolisimamisha wima mbele yake, kisha akatangaza namba. Hakuna aliyeiona ila yeye.

Wachezaji walikuwa watatu. Jirani yake, mwalimu wa hesabu, alicheza mwizi, kwa sababu kazini alishachoka kuwa mfano mwema. Shemeji yake muuguzi alicheza mchawi wa kurusha moto, na asingemtibu mtu hata kwa kuombwa. "Wiki nzima nauguza," alisema. "Leo acha nichome." Wa tatu alikuwa mama mkwe wake, mama wa huyo muuguzi: mwanamke mfupi, mpole, ambaye kuku akiingia sebuleni humwomba radhi kabla ya kumtoa. Yeye alicheza jitu lenye shoka, jina lake Vunjamlango. Jitu hilo halikuwahi kupiga hodi mahali popote.

Baba mkwe alipofariki, mama alijifungia ndani, akafunga na mapazia. Miezi minane. Fundi ndiye aliyembembeleza aje walau amsaidie kuchambua vifungo, naye alipoona mchezo akaomba kiti. Tangu hapo hakukosa Jumamosi hata moja. Kwa hiyo fundi alikata shauri moyoni: Vunjamlango hafi. Akanyweshwa sumu, fundi akatangaza kumi na nane. Akazama mtoni na shoka lake, fundi akatangaza ishirini.

"Mama, kwa hesabu zangu hilo jitu limeshakufa mara saba," mwalimu alisema siku moja.

"Ni dua zangu, mwanangu," mama akajibu, na akaketi wima zaidi.

Basi Jumamosi moja Vunjamlango alisimama peke yake darajani mbele ya joka, wenzake wakiwa wametangulia kukimbia. Mteja mmoja aliyefuata suruali yake alikuwa ameingia, akasimama nyuma ya fundi, mikono kifuani, mdomo wazi kwa utamu wa hadithi. Dadu ikabingirika.

"Kumi na tisa!" fundi akatangaza.

"Fundi," mteja akasema, "hiyo si moja?"

Fundi akakohoa. Mteja akainama, akaangalia vizuri. "Ni moja, jamani. Labda kama mimi sijui kusoma."

Hapo hata kisingizio cha kitambaa kuingia maji kisingemwokoa. Fundi akasimulia kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya kufukuzwa kazi: joka limempiga mkia, Vunjamlango ameanguka, amekata roho.

"Shoka nachukua mimi," mwalimu akasema papo hapo.

"Basi viatu ni vyangu," muuguzi akadakia. "Vile visivyotoa sauti. Mama hata hakuwa akivivaa."

"Na mkoba je?"

"Mkoba tugawane!"

Mama aliwatazama wanavyovutana. Kisha akamgeukia mkwewe.

"Na siku ile ya sumu, baba?"

Fundi akakunja futi yake ya kupimia, akaikunjua.

"Na mtoni?"

"Mama, mimi nilikuwa nataka tu…"

"Baba yenu alipolazwa, kila nikiuliza mlisema anaendelea vizuri," mama alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Anaendelea vizuri, anaendelea vizuri, mpaka siku ya kumzika. Sikumuaga mume wangu, kwa kuwa nilikuwa nikimwambia atapona. Na hapa pia?"

Akachukua mkoba wake mwenyewe, ule wa kweli, akatoka. Muuguzi aliinamisha kichwa. Mteja, masikini, akaona lazima mtu aseme kitu. "Suruali yangu iko tayari?"

"Bado," fundi akasema. "Sijaigusa." Katika miaka kumi na tano ya kushona, neno hilo lilikuwa halijawahi kumtoka.

Nyumbani mkewe hakumhurumia. "Mchimba kisima huingia mwenyewe," alimwambia. Jumatano fundi alijifanya ana safari, akapita mbele ya nyumba ya mama. Mapazia yalikuwa yamefungwa. Aliogopa kwelikweli. Siku tatu zilizofuata alishona mikono ya shati la watu kinyume, mara mbili.

Jumamosi meza ilikuwa tupu, chaki haijaguswa, wote watatu wakikodolea macho kiti cha nne. Mlango ukafunguliwa bila hodi.

"Shoka," mama alisema kabla ya kuketi, mkono ameunyosha kwa mwalimu. "Na wewe, viatu. Maiti hata haijapoa, mnagawana mali! Mmelelewa wapi? Wewe najua, nimekulea mwenyewe."

Vikaratasi walivyoandikia vitu vya marehemu vikarudishwa mezani. Kisha akaamuru mazishi. Fundi akachora kaburi kwenye pembe ya meza, kubwa, maana marehemu alikuwa jitu. Mwalimu akaungama kwamba alimwibia marehemu mara tatu akiwa hai, na angemwibia tena. Wakacheka. Zamu ya muuguzi ilipofika, alianza kwa kicheko, kisha akakiacha njiani.

"Mama, kwamba baba haponi nilijua wiki tatu kabla hajafariki. Nisamehe."

"Nilishajua kwamba ulijua," mama akasema, akamshika mkono. "Usinifanyie tena."

Akakichukua kifungo cha Vunjamlango, kikubwa, cha kahawia, kutoka kaburini, akampa fundi akishone ndani ya sweta lake, upande wa moyo. Fundi alikishona hapo hapo, uzi mara mbili, bila kuthubutu kuinua macho. Alipomaliza, mama akaweka mezani kifungo kipya, kidogo, cheupe, cha shati la mtoto, na kikaratasi kimoja kilichoandikwa: taa.

"Huyu anaitwa nani?" fundi akauliza.

"Tuone kwanza kama ataishi." Akalinyanyua boksi la mashati kwa mikono yake, akaliweka sakafuni, akalisukuma kwa mguu chini ya cherehani. "Rusha."

Dadu ikabingirika juu ya chaki, mbele ya watu wote. Fundi akainama, akaisoma. Mwalimu alikuwa tayari anaitolea macho taa ya huyo mgeni.

"Mbili, mama," fundi akasema.

Mama akacheka mpaka akashika ukingo wa meza, akavuta kiti chake karibu. "Haya, baba. Niambie ameumia wapi, na usinifiche kitu."