Mkono wa Cucu Nyambura

Mwezi uliopita nilikuwa natoka kwenye duka moja kubwa mjini Thika, na ile mashine ya mlangoni ikalia piii! Askari wa pale, kijana mwenye adabu zake, akaniambia kama anayesema na bibi yake, "Pole cucu, hebu nione risiti." Lakini mimi tayari nilikuwa nimeinua mikono yote miwili juu, mfuko umeanguka, nyanya zinabingirika sakafuni, na mdomo nimeuachama ili atazame chini ya ulimi. Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, kwa aibu, huku nikiokota nyanya zangu. Kosa lilikuwa la mashine. Nilifika nyumbani, mtaa wa Landless, na yule mjukuu wangu anayekaa nami akaniuliza ni nani aliyenifunza kuachama mdomo namna ile. Nilimwambia aoshe nyanya. Nawaambia ninyi, maana wenye kisa wote wamekwisha kufa.

Tuliishi kwenye laini za shamba la kahawa la mzungu mmoja, upande wa Ruiru. Laini ni vile vyumba vya wafanyakazi vilivyopangwa mstari mmoja, ukuta wako ndio ukuta wa jirani, mtu akikohoa kwake wewe unasema pole. Baba alifanya kazi kwenye mashine ya kumenya kahawa, na harufu ya maganda yaliyochacha ilimfuata mpaka kanisani. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya mkoloni. Hukwenda hata Thika bila pasi, ile karatasi ya ruhusa ya kusafiri, na askari waliwasimamisha watu barabarani, mikono juu, wakawapekua mpaka kwenye nywele. Kwa hiyo kupekuliwa halikuwa jambo geni. Tofauti yangu ni kwamba mimi nilipekuliwa na mama yangu.

Sababu ilikuwa jina. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na watu huamini kwamba jina haliji peke yake. Linakuja na mwendo wa mwenyewe, hasira zake, hata namna yake ya kucheka. Niliitwa Nyambura kwa sababu Cucu, yaani bibi yangu mzaa baba, alikuwa Nyambura. Baba aliniita "maitu", mama yangu, tangu sijaota meno, na nilipenda sana kuitwa hivyo. Shida ni kwamba Cucu Nyambura alikuwa mwizi.

Sitaki kumsafisha. Aliiba kweli. Aliiba chumvi, aliiba shanga, aliiba mwiko ungali ndani ya chungu. Ilisemekana kwamba katika ujana wake aliiba mbuzi wa mahari, akamchinja, akamwalika mwenye mbuzi kula, na mwenye mbuzi akasifu supu. Wala haikuwa njaa. Akiulizwa alisema mkono wake una akili yake wenyewe. Alipozeeka alikuwa akiishi nasi, analala jikoni, na Mama hakumruhusu kuingia kwa majirani ila kuomba moto.

Mama alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Baba yake alikuwa mwalimu wa dini, na yeye alilelewa kwa sala asubuhi na jioni. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa cheupe hata wakati wa vumbi. Wanawake wa laini waliwaambia binti zao wamtazame yeye. Lakini alipoitwa Mama Nyambura, aliitika kama mtu aliyeng'atwa na siafu.

Basi kila tulipotoka nyumbani kwa mtu, Mama alinisimamisha mlangoni mbele ya wenyeji. "Inua mikono." Akapapasa gauni, akakung'uta kola, akachungulia katikati ya vidole vya miguu. "Fungua mdomo." Wenye nyumba waliona haya.

"Wacha mtoto, Mama Nyambura. Huyu amekunywa chai tu."

"Hapana. Mimi sitaki kuambiwa kesho. Mtoto wa nyoka ni nyoka." Kisha, kwa upole kidogo, "Samaki mkunje angali mbichi."

Nilipokua niliona kwamba methali hizo mbili zinagombana. Kama nimezaliwa nyoka, nitakunjwa mpaka niwe nini? Lakini hakuna mtu aliyetaka maoni yangu.

Na vitu vilikuwa vikipotea. Tukitoka kwa fulani, kesho yake kijiko hakionekani, au kipande cha sabuni, au kifungo cha koti. Nilikuwa nimepekuliwa mbele ya macho ya watu na nikaonekana sina kitu, na bado walinitazama mikono. Walisema nina ujanja wa Cucu. Mwishowe na mimi nikaamini. Nilikuwa nalala nimeilalia mikono yangu, nikiogopa isije ikatoka peke yake kwenda kuiba bila mimi kujua.

Jumamosi moja alasiri tulikwenda kunywa chai kwa Mama Kamau, mjane wa chumba cha tatu kutoka chetu. Mama Kamau alikuwa na cherehani ya kuzungusha kwa mkono, na hiyo ndiyo iliyomlishia watoto. Tulikunywa, tukaaga, nikapekuliwa kama kawaida, tukatoka. Kabla hatujafika mlangoni kwetu tukasikia anapiga kelele.

"Bobini! Uuui, bobini ya cherehani yangu iko wapi?"

Bobini ni kile kichuma kidogo kinachoshika uzi wa chini. Kinatosha kwenye kiganja cha mtoto, kinang'aa, na bila hicho cherehani haishoni hata kipande cha kiraka. Kupata nyingine ilikuwa mpaka Nairobi, na Nairobi ilikuwa mpaka pasi. Tulirudi, na watu walijaa upesi. Nyapara, msimamizi wa wafanyakazi, naye akaja, mzee mmoja mnene aliyependa kesi kuliko chakula. Nikapekuliwa tena, safari hii na wanawake watatu. Hawakuona kitu.

"Ameimeza," mmoja akasema.

"Ama ametupa kwa majani."

Nyapara akakohoa. "Huyu ni wa kuchomwa vidole. Zamani ilikuwa hivyo, na wezi walikuwa wachache."

Niligeuka kumtazama Mama. Nilijua atakataa. Nilijua atanivuta nyuma ya sketi yake, maana hata kuku hufanya hivyo.

"Leta makaa," Mama akasema. "Nitamchoma mimi mwenyewe. Ni mtoto wangu."

Nimeishi miaka mingi na nimesikia mengi, lakini maneno hayo sijayasikia kwa mama mwingine. Aliweka kiondo, kile kikapu chake cha begani, chini kando ya ukuta, akachuchumaa mekoni pa Mama Kamau, akasogeza makaa kwenye kigae cha chungu, akapuliza. Niliyaona yakiiva. Mama Kamau alianza kulia, "Wacha basi, hiyo ni chuma tu," lakini alisema kwa sauti ndogo, kwa sababu hiyo chuma aliihitaji.

Hapo ndipo Cucu alipotokea. Alikuja akikokota miguu, akaketi chini karibu na kile kiondo, kama mzee aliyechoka tu. Hakuna aliyemjali. Wote walikuwa wanatazama moto. Mimi sikuweza kuutazama moto, kwa hiyo mimi peke yangu niliuona mkono wake, ule wa mifupa na mishipa. Uliingia ndani ya kiondo cha Mama na kutoka. Kiondo hakikutikisika.

Mama alikuwa amekwisha kunishika kifundo cha mkono. Joto la makaa lilikuwa linagusa kucha zangu.

"Achana na mtoto," Cucu akasema. "Ni mimi." Akafungua kiganja, na bobini ilikuwa pale.

"Haiya!" Laini nzima. Kuna hata waliocheka, jinsi walivyofurahi. "Ngai wangu!" Mama Kamau akasema. "Na si huyu alikuja hapa asubuhi kuomba moto!" Kweli alikuwa amekuja asubuhi. Lakini Mama Kamau alikuwa ameshona na bobini hiyohiyo mpaka saa sita za mchana, na yeye mwenyewe hakulikumbuka hilo, wala hakuna aliyelikumbuka. Nani atauliza? Mwizi si alikuwa amejulikana siku nyingi?

Kigae kilimponyoka Mama, makaa yakatawanyika. Alitazama mkono wa Cucu, akatazama kiondo, na uso wake ukawa rangi ya majivu. Niliona yote hayo na sikuelewa. Kwa akili yangu ya kitoto, Cucu alikuwa ameificha bobini kwenye kiondo cha Mama, mama yangu mwema, kisha akaja kuichukua. Nilimchukia Cucu kwa moyo wangu wote.

Nyapara alipeleka habari ofisini kwa mzungu, na Cucu akafukuzwa shambani. Alipelekwa kwenye kijiji kimoja upande wa Mugutha, vile vijiji vya wakati ule vilivyozungushiwa handaki na miti iliyochongwa, akaishi huko na wanawake asiowajua. Baba, mwanawe wa pekee, alimbebea mzigo mpaka kwenye lori, akarudi kwenye mashine yake ya kahawa. Kwa muda mrefu baadaye hakuniita maitu.

Baada ya hapo vitu vikaacha kupotea. "Mnaona?" watu wakasema. "Mwizi ameenda." Mama hakunipekua tena hata siku moja. Dunia ilinyooka, na mimi nikalala mikono yangu ikiwa nje ya blanketi.

Nilikuwa msichana mkubwa, niko mtoni nafua, wakati jambo lile liliponijia lenyewe. Siku ya kijiko Cucu alikuwa wapi? Jikoni kwetu. Siku ya sabuni? Jikoni kwetu. Kila siku tuliyotembea tulikuwa wawili, mimi na Mama. Mimi nimeachama mdomo, watu wote wanachungulia mdomo wangu, na Mama yuko nyuma na kiondo begani. Nani angethubutu kumwambia mwanamke anayempekua hivyo mtoto wake mwenyewe, hebu na wewe fungua chako? Niliketi kwenye jiwe, na shuka moja ikaenda na maji nikiitazama.

Na bobini! Mama hakuwa na cherehani. Hakuwahi kushona hata kifungo. Angeifanyia nini?

Hali ya Hatari ilipolegea nilimtembelea Cucu na sukari na ugoro. Alikuwa amebaki mdogo sana. Nikamuuliza alijuaje.

"Nilikuwa najua zamani. Mtu akichukua kitu, hatazami tena mahali kilikuwa. Mama yako siku hiyo alikuwa anatazama kila mahali isipokuwa kwa cherehani."

"Na kwa nini ukasema ni wewe?"

"Mimi nilikuwa mwizi kabla mama yako hajazaliwa. Nikiongeza moja, nani ataona?"

Nikacheka. Nikamwambia kwamba alimhurumia sana Mama, mtu ambaye hakumhurumia yeye. Cucu akanitazama kama anayemtazama mjinga.

"Mama yako? Wee, mimi sikufanya kwa sababu ya mama yako. Hao watu wanasema mwizi anazaliwa. Jina langu uko nalo tayari. Wakijua na mama yako pia ni mwizi, utabaki na upande gani? Wangekuchoma siku hiyo na siku ingine, na hakuna mtu angesema wacha."

Sikuwa nimewaza hivyo hata kidogo. Yeye, ambaye hakujua kusoma, alikuwa amewapima watu wale akaona wanachoamini, akakikata katikati ili nipate nusu ya kusimamia.

Mniulize sasa kama wizi uko kwenye damu. Baba alizaliwa na Cucu, na hakuwahi kuchukua punje moja ya kahawa ya mzungu. Mama alizaliwa na mwalimu wa dini. Ndugu yake mdogo aliniambia kwamba kwao, kila jioni kabla ya sala, baba yao aliwapanga mstari na kuwapekua mifuko, kwa sababu mtoto ni mwenye dhambi tangu tumboni. Labda ni huko. Lakini ndugu huyo naye alipekuliwa, na hakuiba. Na mimi nilipekuliwa kuliko wote, mpaka mdomoni. Sijui. Anayejua aje anieleze, chai ipo.

Tulimzika Cucu huko huko Mugutha. Watu wa laini walikuja, na Mama Kamau, ambaye sasa alikuwa na cherehani ya miguu, aliomba nafasi ya kusema. Alisema marehemu alikosa kama sisi sote, na yeye mbele ya Mungu anamsamehe ile bobini.

"Amina," watu wakaitikia. Mama, aliyesimama bega kwa bega nami na udongo mkononi, aliitikia pamoja nao, kwa sauti safi ya kanisani.

Nilishtuka hata nikamgeukia mdomo wazi. Watu wakaniona, na mwanamke mmoja akanishika mkono akanong'ona, "Jikaze. Mshukuru Mungu una mama mwema." Nikaufunga mdomo. Kaburini pale hapakuwa na mtu asiyejua kwamba mimi ni mtoto wa mama mwema. Ndicho kitu pekee Cucu Nyambura alichoniachia, na hicho hakukiiba kwa mtu.